Alama ya Kidole Mguuni mwa Hawah

Bi Hajara wa mtaa wa Awindiri hakula nyama ya mchinjaji asiyemjua. Kwa miaka kumi na minane alinunua kwa mzee Abiriga peke yake, kwa sababu alisimama karibu na banda na kumsikia kwa masikio yake akitaja jina la Mungu. Abiriga alipofariki, mwanzoni mwa 1974, akaja mwingine. Bi Hajara alimchunguza siku mbili. Alimwona akichinja huku akibishana habari za mpira na vijana wa Onduparaka, akarudi na kikapu kitupu. Nyama haikuingia tena jikoni mwake.

Yeye mwenyewe hakudhurika. Lakini alikuwa akimlea mjukuu, Hawah, wa miaka miwili na nusu. Medina, mama wa mtoto na binti ya Bi Hajara, alikufa akimzaa. Baba wa mtoto, Zubeiri, alikuwa askari kambini Jinja, na ndugu zake wa Koboko walisema kila Idi kwamba mtoto ni wao.

Hawah alikula ugali wa muhogo asubuhi na jioni kwa mchuzi wa majani. Baada ya miezi mitatu mashavu yakajaa.

"Habooba, mutoto nanona!" wanawake wakamsifu bibi kisimani.

Bi Hajara alizishuku sifa hizo. Kwanza alidhani ni jicho la mtu, akamfunga mtoto hirizi. Kisha akagundua kwamba Hawah hachezi, halii, hata nzi hamfukuzi. Akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

Mimi nilikuwa jirani yake, na nilishika daftari la uzito kliniki. Nilikuwapo nesi Margarita alipomweleza kwamba ule si unono bali ni maji. Unga unampa mtoto nguvu, alisema, lakini haujengi mwili wake. Kunde zingeujenga hata bila nyama. Na kwa kuwa tumbo lake ni dogo, aongezewe simsim, yaani ufuta, maana mafuta kidogo yana nguvu nyingi.

Bi Hajara alininong'oneza, "Huyu nauza kunde sokoni?"

Hata hivyo alijaribu. Kwa kila makonzi mawili ya unga wa mtama na muhogo, alipika konzi moja ya kunde, alizoloweka na kuzisugua mpaka maganda yakatoka. Juu yake kijiko cha simsim iliyosagwa. Alisaga mwenyewe, asije mtu akamchanganyia mchanga. Kila asubuhi alibonyeza mguu.

Maji yakaanza kutoka. Daftarini kilo zikashuka, na uso wa Hawah ukawa mwembamba. Wanawake wale wale wakapeleka habari Koboko: bibi anamuua mtoto kwa njaa.

Wiki ya sita akaja Hadijah, dada mkubwa wa Zubeiri, begani ana kanga ya kumbebea mtoto.

"Mama, mutoto wa askari nakula majani kama mbuzi?"

"Mbuzi yako nakufa na majani?"

"Kesho yeye nakwenda na mimi. Kwetu nyama iko."

"Kula kwanza."

Hadijah alionja mchuzi, akakunja uso. "Hii iko na nyama. Wewe naficha." Akakoroga sufuria mpaka chini, akainua mwiko, akautazama kila upande. Kunde tupu.

"Sasa weka kidole hapa," Bi Hajara akamwambia, akinyoosha mguu wa mtoto. "Bonyeza. Usiogope."

Hadijah akabonyeza kwa nguvu. Hawah akamtazama mgeni, akapiga kelele, akarusha teke. Bakuli likapinduka na mchuzi ukamwagika kwenye gomasi, lile gauni refu la Hadijah.

Hadijah aliuangalia mguu ule. Ulikuwa mwembamba na laini, hauna shimo.

"Teke hii ni ya kwetu," alisema. "Akae mpaka Idi. Mimi narudi kuona."

"Rudi. Kidole yako iko."

Alipoondoka alipewa kopo la simsim. Alilifungua kwanza, akalinusa, ndipo akaikunja kanga na kuifunga juu ya kopo.

Bi Hajara alimtazama mpaka alipopinda njia. Kisha akamketisha Hawah mapajani, akaubonyeza mguu wa pili, ule ambao mgeni hakuugusa.