Magunzi Yaliyoendesha Mashine

Nilipofungua mashine yangu ya kusaga pale Igowole, hapakuwa na kitu duniani cha kunishangaza. Nilikwisha chimba dhahabu Chunya, nikala vumbi, nikaibiwa na niliyelala naye hema moja. Shule niliiacha darasa la pili. Lakini mashine ilikuwa yangu, si ya urithi.

Kilichonitesa ni dizeli. Ilitoka Iringa kwa mapipa, na masika lori lilizama njiani, mashine ikanyamaza, wanawake wakarudi na mahindi yao kichwani. Nikapata habari za mlowezi mmoja aliyekuwa anauza vitu vyake ahame. Alikuwa na injini ya moshi: unachoma mkaa ndani ya tangi lililofungwa, moshi unachujwa, huo ndio unaosukuma. Nikainunua. Fundi akaniambia itakula mkaa mwingi. Nikamwambia mkaa wa nini, na magunzi ya mahindi yanaoza nyuma ya kila nyumba?

Wasomi wangekaa kikao. Mimi nilipima mwenyewe. Magunzi mabichi yaliziba bomba kwa utomvu mweusi kama lami. Nikayaanika juu ya bati mpaka yakalia yakigongana. Hayo, gunia moja lilisaga debe nne. Baada ya mavuno nikapita nyumba kwa nyumba kutazama marundo, nikaona yatanifikisha mavuno mengine bila tone la dizeli.

Nikaenda kilabuni, nikawanunulia wenye miji, wale waume wenye kaya zao, ulanzi, pombe ya mianzi. Walicheka sana. Mmoja akaniuliza kama mavi ya kuku nayo nitayataka. Wakasema zoa tu, utatusafishia ua. Hata hivyo niliwalipa, kila rundo na senti zake, maana sipendi cha bure. Wake zao walikuwa bondeni wakilima vinyungu, zile bustani za kiangazi. Waliporudi jioni, mkokoteni wangu ulikwisha pita.

Wiki ya kwanza mashine ililia vizuri, nikatembea kifua mbele. Wiki ya pili hakuja mtu. Nikawa nasikia vinu vikitwangwa kila upande. Nikamuuliza mke wangu kuna nini. Akaniambia nimuulize mama yake.

Sasa, kwetu mkwe haulizwi. Ukikutana naye unaacha njia, unageuza uso. Lakini asubuhi moja, katika baridi ile ya mwezi wa saba, alikuja mwenyewe. Akakaa mlangoni, akanipa mgongo, akaanza kusema na mashine.

"Mashine, umeshiba? Mahindi ni ya mwenye mji, hilo halina ubishi. Gunzi ni la mwenye jiko. Ndilo moto wangu wa baridi hii, na majivu yake ndiyo magadi ya mboga yangu. Muulize bwana wako, nani alimfungulia jiko langu?"

Nami nikaitazama mashine. "Mashine, mwambie mama kwamba nililipa."

"Mashine, mwambie baba kwamba aliwalipa walevi."

Akainuka, akaenda zake.

Nikawafuata wale walevi. Hakuna aliyekumbuka kuniuzia kitu. Mmoja, mbele ya mkewe, aliniita mwizi, na ulanzi wangu bado ulikuwa unamnukia mdomoni. Nikarudisha magunzi yaliyobaki, yaliyokwisha ungua nikayalipa kwa kuni, na mkwe nikampelekea mbuzi. Alimpokea. Lakini wakati huo mfanyabiashara mmoja wa mjini alikwisha weka mashine ya dizeli njia panda, na wanawake walikwisha izoea njia hiyo. Injini yangu niliiuza kwa bei ya chuma chakavu, na nyumba ya mashine ikawa banda la mtu mwingine.

Mwaka huu amekuja bwana shamba kijana, anapima marundo ya magunzi na kuuliza yanaweza kuendesha mashine ngapi. Aliongea na wanaume tu. Nilimtazama nikaenda zangu. Na yeye akalipie shule yake. Yangu, ukitoa bei ya kile chuma, ilinigharimu shilingi elfu moja mia nne sitini na mbili na senti hamsini.