Pua Bila Jina

Habari za kifo chake nilipewa na fundi wa baiskeli Jumanne asubuhi, nikiwa nimesimama kwenye kibanda chake nikingoja tairi langu lizibwe. Hakuinua hata kichwa. "Yule mtu wako wa vichwa ametuacha," alisema. "Amelala jana, leo hajaamka." Nikamuuliza kwa nini anamwita mtu wangu. Akapaka gundi, akaipuliza ikauke, akasema, "Si wewe ndiye ulikuwa unamwandikanga?" Nilimwandika, ndiyo. Mara mbili. Wasomaji wa siku nyingi wataikumbuka ile safu ya pili, ya kumsifu, kwa sababu ile ya kwanza nimejitahidi sana isikumbukwe. Leo nataka kuizungumzia hiyo ya kwanza, na nikipotea njia mnivumilie. Shule yangu iliishia kidato cha pili na sijawahi kuwa na uhakika kama nilistahili kupewa nafasi hii gazetini.

Kwa wasiomjua, marehemu alikuwa mwalimu wa kuchora katika shule zetu za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipostaafu alifungua darasa lake mwenyewe uani kwake, kando ya barabara ya Navakholo, chini ya mabati, akafundisha kusubu shaba, yaani kuiyeyusha na kuimimina iwe sanamu. Kazi yake kubwa ilikuwa vichwa vya watu. Kiko kimoja Mumias mbele ya ukumbi, kingine kwenye lango la shule huko Kabras, na vingine makanisani. Kila kichwa alikianza kwa nta, akakifunika kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, akakichoma mpaka nta ikayeyuka ikatoka yote, kisha akamimina shaba mahali nta ilipokuwa. Nisimpambe kuliko alivyokuwa. Alikuwa na mdomo mkali, alichelewesha kazi za watu hata mwaka mzima, na nimewahi kumsikia akimwambia mwanafunzi kwamba sanamu yake inafanana na viazi vitamu. Lakini sijawahi kusikia kwamba alimdanganya mtu.

Siku niliyokwenda kwake kutafuta habari ya kuandika, nilimkuta na wanafunzi wake kumi na mmoja, watu wazima wengi wao. Mama mmoja alikuwa amefungua kazi yake, kichwa cha baba mkwe wake, nacho kilikuwa na tundu shavuni mahali shaba haikufika. Alikuwa ameliziba kwa nta na kupaka polishi nyeusi ya viatu, na kwa kweli mimi sikuona kitu. Mwalimu alikigeuza geuza, akakisifu, akasema, "Hebu tukipeleke nje nacho kiote jua, sisi tunywe chai." Kabla ya kikombe cha pili shavu lilikuwa linatiririka. "Mama, mzee wako analia," alisema. "Umemfanya nini?" Wote wakaangua kicheko, na yule mama akacheka pia, ingawa macho yake yalikuwa yamelowa. Kisha mwalimu akakaa naye chini, akamwonyesha. Akachukua tindo akalichimba lile tundu likawa kubwa zaidi, hata mimi nikaona huruma, halafu akagongelea humo kipande cha shaba ileile. "Tundu huwezi kuliziba na kitu laini," alimwambia. "Kwanza unalipanua. Ukubali ni kubwa kuliko vile ulitaka liwe."

Siku hiyohiyo niliona kwenye pembe ya karakana gunia la mifereji, yaani koki za maji za zamani, za shaba, limejaa. Nililiona, naye aliniona nikiliona. Sikuuliza. Hapo ndipo mambo yote yanapoanzia, na ningeomba msomaji alishike hilo hata akisahau mengine yote: sikuuliza.

Wiki mbili baadaye mifereji iling'olewa usiku kwenye soko letu na kwenye shule moja ya msingi. Akina mama wakarudi kuteka mtoni, watu wakakasirika, nami nikakalia kiti changu nikaandika. Sikutaja jina. Niliandika tu kwamba liko tanuru moja, si mbali na mji, ambamo mifereji yetu huingia ikiwa mifereji na kutoka ikiwa vichwa vya waheshimiwa. Niliipenda sentensi hiyo. Niliisoma mara tatu kabla ya kuipeleka. Gazeti lilipotoka, pale ninapokunywa chai wakanipigia makofi. "Mwandishi, huyo umemchoma!" Nikajibu, "Nani? Mimi nimetaja nani?" "Hujataja, ndiyo maana imekuwa tamu!" Nami nikacheka pamoja nao.

Kabla mwezi haujaisha wanafunzi kumi na mmoja walikuwa watatu. Kanisa lililokuwa limeagiza kichwa cha mwinjilisti wake wa kwanza likabadili nia, likamwita fundi wa simiti kutoka mbali. Niseme na la upande wa pili: mzee mmoja wa kamati aliniambia walikuwa wamechoshwa na ucheleweshaji wake hata kabla ya hapo. Nilimuuliza kama walikuwa wamesoma gazeti. Akaangalia viatu vyake, akasema, "Tulisoma."

Mwalimu mwenyewe alikuja kwangu Jumamosi moja, mchana, akasukuma baiskeli mpaka mlangoni. Nikamsalimu, "Mulembe, Mwalimu," akaitikia vizuri. Akatoa karatasi mfukoni, barua ya zahanati moja ya zamani iliyokuwa imebadilisha mabomba yake. Ilisema kwamba wamempa mifereji yao mibovu kama shukrani kwa kuwatengenezea kengele, tena ilikuwa na muhuri. Nikaisoma mpaka kwenye muhuri. Badala ya kusema samahani nikasema, "Lakini Mwalimu, mimi sikutaja jina." Akaikunja barua taratibu. "Ni kweli," alisema. "Hata mimi sichonganga mtu nikaandika jina chini. Nikipata pua, watu wanamjua. Wewe pua yangu uliipata, ndugu yangu. Uliipata vizuri sana." Hakugombana. Chai alikataa, akasema ana wanafunzi wanaomngoja. Nilijua kwamba Jumamosi hiyo hakuwa na mwanafunzi yeyote.

Baadaye wezi walikamatwa, watu wa lori la vyuma chakavu waliokuwa wakipita tu, wasiomjua hata kwa sura. Nikakaa niandike. Niliandika mistari miwili nikachana. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia, na methali hiyo ilinifaa sana kwa kuwa haikunitaka nifanye lolote. Nilidhani naogopa kufukuzwa. Nikijipima kwa haki, nilichoogopa ni kuipoteza ile sentensi waliyoipigia makofi. Ikapita miaka, ndipo nikaandika ile safu ya pili, ya kumsifu kuwa ni hazina ya Kakamega. Ndani yake hakukuwa na neno moja kuhusu mifereji. Alinitumia jibu kupitia kwa mwanafunzi wake: "Mwambie asante. Mwambie pia jua litatoka."

Jumamosi tulimzika. Aliyekuwa akiongoza shughuli akaniita mbele kwamba mtu wa maneno naye aseme mawili. Nikasema alikuwa mwalimu mwema, nikakaa. Baadaye nikamfuata mjane wake jikoni, alikokuwa amekaa na wakwe zake, nikamuuliza kama ile barua ya zahanati bado ipo, ili niichapishe hapa. "Iko, shemeji," alisema. "Iko kwa koti yake. Hiyo koti alikuwa haendi mahali bila hiyo. Mzazi akikuja kuuliza habari ya darasa, anaitoa kwanza kabla hajaulizwa. Kanisani, anaitoa. Siku ya harusi ya binti yetu, aliitoa kwa wakwe." Akasukuma kuni motoni. "Sasa unaitakia nini? Mwenye kuionyesha hayuko." Barua hiyo hamtaiona hapa.

Basi nalipanua tundu. Mifereji ile haikuwa ya wizi. Niliiona nisiulize, nikaandika nisichokijua, nikajua ukweli nikanyamaza, kisha nikapaka polishi juu yake na kuiita sifa. Kama kuna somo ni la kwetu sisi tunaoandika, na yeyote anayesimulia habari za jirani yake: kutotaja jina si haki, ikiwa umeshachonga pua. Jina lake sikulitaja siku ile na leo pia silitaji, mliomjua mmeshamtambua. La kwangu liko pale juu ya safu hii, mahali palepale lilipokuwa siku ile.