Wa Chini Hapigi Magoti

Halaiki ya shule yetu kule Lundo, kando ya ziwa, iliniangukia mimi kwa sababu nilikuwa mwalimu mpya, msichana wa kutoka milimani Mbinga, na sikujua kukataa. Mwenge wa Uhuru ulikuwa unakuja na kila shule ilitakiwa kuonesha kitu. Sisi tulikuwa na mnara: wasichana wawili wanasimama chini bega kwa bega, wa tatu anapanda mabegani mwao na kuinua mikono, anatulia hapo mpaka nipulize filimbi ashuke.

Wa juu siku zote alikuwa binti mmoja mwepesi, mtoto wa mvuvi. Likizo moja ikamharibia. Alirudi darasa la sita miguu imerefuka, na ile fulana ya mtumba aliyonunuliwa kwa ajili ya halaiki imeishia kitovuni. Nikamwambia sasa atasimama chini, na juu atapanda mdogo wake wa darasa la pili.

"Nimekosa nini, Mwalimu?"

Nikamwambia hajakosa, amekua tu. Hakuniamini. Alinuna kama mtu aliyerudishwa darasa.

Mazoezi yalikwenda vizuri mpaka Padri alipokatiza uwanjani na baiskeli yake. Watoto wote wakapaza sauti, "Shikamoo, Padri!" Na binti yangu, aliyelelewa na bibi mkali, akapiga magoti. Huko ziwani, kama kwetu milimani, msichana hamwamkii mkubwa akiwa amesimama wima kama mlingoti. Alipokuwa juu hakuna aliyemdai magoti. Sasa yalijikunja yenyewe, na mdogo wake akaja chini kidevu kwanza.

Damu haikuwa nyingi. Jioni yule mdogo alikuwa anawaonesha wenzake kidonda kwa majivuno. Dada yake ndiye aliyeharibika. Hakutaka hata kumshika mkono.

"Nitamuua, Mwalimu. Mtafute mwingine."

Mwingine wa kimo cha kulingana na mwenzake wa chini hakuwepo, na mwalimu mkuu alishasema mnara lazima uwepo. Nilichukia halaiki, nikamchukia mwalimu mkuu, na usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu. Kila nikifumba macho naona kile kidevu.

Nikamwita pembeni. "Ukitoka ziwani na ndoo imejaa kichwani, ukakutana na bibi, unafanyaje?"

"Namwamkia nimesimama."

"Anakugombeza?"

"Hapana. Maji yatamwagika."

"Basi mdogo wako ndiyo hayo maji."

Akafikiri. "Lakini bibi anaiona ndoo. Mgeni rasmi akiniona nimesimama, atasema sina adabu. Na bibi atakuwepo."

Nikajifanya mkali. Nilimwomba kila mwalimu apite mbele yake, nikamwomba na mpishi wa shule. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Magoti yake yalikuwa yanashtuka kila mara, lakini hayakukunjika. Tatizo ni kwamba hao wote aliwazoea.

Siku yenyewe ikafika. Mgeni rasmi alikuwa mzee mrefu, mpole kuliko nilivyoomba, maana mpole husimama kuongea na watoto. Mnara ulikuwa umeshapanda alipofika mbele yetu, akasimama karibu kabisa na binti yangu.

"Hujambo, binti?"

"Sijambo. Shikamoo, mzee."

Nikayatazama magoti yale. Yalitetemeka, yakakaza. Bibi yake alikuwa hatua chache tu nyuma ya kamba, anamtazama bila kupepesa. Juu, mdogo mtu amenyoosha mikono, meno yote nje. Nikaiweka filimbi mdomoni.

"Marahaba," mgeni akasema, kisha akanigeukia na kuninyooshea mkono. "Na wewe ndiye mwalimu wao?"

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikajikuta niko chini mchangani, magoti yote mawili, filimbi imenidondoka mdomoni.

Watu wakaangua kicheko. Nikapapasa mchanga kwa mikono yangu, filimbi siioni. Juu yangu binti alikuwa jasho linamtiririka hadi machoni, uzito wa mdogo wake begani, anasubiri ishara yangu. Hakugeuza kichwa wala hakucheka.

"Mwalimu," akanong'ona, "inuka wewe. Mimi bado nimemshika."