Jani Lisilo na Mhariri

Katika ofisi ya kilimo mjini Mtwara tulikuwa wanne: mtafiti wa mimea, mkulima mzee kutoka Nanyamba, mkewe, na mimi, mwandishi mwenye mvi, niliyefuata dawa ya ubwiri unga, ukungu unaoshambulia mikorosho. Mezani palikuwa na mche wa mkorosho, mweupe kama karatasi.

“Dada zangu wanasema mke wangu ameiroga miche,” alisema mzee. “Wanataka nimwache.”

Mkewe alikuwa akikunjakunja pindo la kanga.

“Baba, mama hana kosa,” alijibu mtafiti. “Tumeupima. Ndani ya jani mna chembe za kijani ziitwazo kloroplasti. Zina maagizo yake, yaitwayo RNA, yaliyoandikwa kama kwa herufi, na kuna protini inayoyashika na kusahihisha herufi hizo. Mche huu umezaliwa bila protini hiyo.”

“Yaani hauna mhariri,” nilisema.

“Ndiyo, babu,” alinijibu mtafiti. “Herufi moja ikibaki na kosa, ukijani hautokei.”

Mzee alicheka, akamgeukia mkewe. “Umesikia? Herufi! Jumapili nitawaambia dada zangu mwenyewe, na wewe uwepo.”

Kwa miaka mingi nimewanung'unikia wahariri wanaogusa herufi zangu. Siku ile niliwaheshimu.

Mzee alifariki Jumamosi ile, kabla ya kuonana na dada zake.