Mke wa Pili Aliyeletwa na Apdeti

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi moja dukani kwangu hapa Songea, mtoto mgongoni, binti wa marehemu mmoja amesimama mbele ya kaunta na karatasi niliyoichapa mimi mwenyewe. Niliwasha kompyuta nirekebishe kilichoharibika. Badala ya kufunguka, ikaniwekea vikatuni vya nyuso, kuanzia kilichonuna mpaka kinachocheka, na swali la Kiingereza: unaupenda mwonekano wetu mpya?

Nikachomoa waya ukutani. Mtoto akaamka analia.

"Dada," binti akasema, "ukiichomoa hakifutiki kilichosomwa."

Duka langu ni la steshenari. Natoa kopi, naprinti, na zaidi ya yote nachapa historia za marehemu. Huku kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Kabla ya jeneza kushuka, ndugu anasimama na karatasi, anasoma alikozaliwa, kazi aliyofanya, alivyougua, ameacha nani. Hapo watu husikiliza kuliko wanavyosikiliza mahubiri, maana ndipo familia inapotangaza nani ni nani.

Nasi wa steshenari tuna njia yetu. Hatuanzi upya. Tunafungua historia ya marehemu aliyetangulia, tunafuta yake, tunaandika ya huyu, kwa sababu wafiwa huja na haraka. Nimefanya hivyo tangu nimalize kidato cha nne na sijawahi kumkosea marehemu.

Siku ya mazishi alikuja baba mdogo wa binti huyo. Kaka yake, mwalimu mstaafu wa Mpitimbi, alikuwa kwenye jeneza ndani ya gari pale nje, wametoka kumchukua hospitali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Tufanyie upesi, padri anatusubiri."

Nikafungua historia ya mkulima mmoja wa tumbaku wa Namtumbo, nikabadilisha. Ukurasa wa kwanza picha, jina, kuzaliwa, shule alizofundisha. Wa pili mjane, watoto, wajukuu. Nikasevu. Yaani nilibonyeza pale ambapo kusevu kumekuwa miaka yote. Kumbe apdeti iliyopita ilishahamisha vitu. Kitufe cha kusevu wamekificha ndani ya menyu, na mahali pake wameweka cha kupeleka kazi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mimi mtandao wa kudumu sina. Nina bando la simu, na kila nikiliwasha, kompyuta inalinyonya kujivutia mizigo yake ya apdeti.

Sasa ikaona mizigo imetosha. Skrini ikageuka bluu. Subiri, usizime.

"Mama, vipi?"

"Inajiapdeti, baba."

"Iambie tuna msiba."

Dereva anapiga honi. Akina mama garini wameanza wimbo mwingine, ule wa kwanza umeisha. Ilipoamka ilikuwa na rangi mpya, alama zimehamia katikati kama ng'ombe waliovunja zizi, kitufe cha kuprinti sikioni. Ikanitangazia kwamba imeniokolea kazi yangu. Nikaona picha ya mwalimu, jina la mwalimu, nikaprinti, na baba mdogo akazinyakua karatasi zikiwa za moto. Ilichookoa ni ukurasa wa kwanza. Wa pili ulirudi kuwa wa mkulima wa tumbaku.

Fundi wa kompyuta alinicheka baadaye. Eti ningesoma kwanza. Nisome huku jeneza linaungua jua? Eti ningebonyeza "baadaye". Nimebonyeza "baadaye" mpaka kidole kimeota sugu. Kitufe cha "hapana" hakipo.

Kaburini baba mdogo alisoma kwa sauti ya kanisani: marehemu ameacha wajane wawili. Mwalimu huyu aliyefundisha hadi kwaya, mwenye ndoa ya kanisani, kapewa wake wa mkulima. Neno lilishatoka, naye akaendelea kusoma.

Ndiyo maana binti alikuwa mbele yangu.

"Mama amenituma," alisema. "Anauliza huyo mke mwenzake anakaa wapi, amtandikie kitanda."

Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka.

"Karatasi yako ilitaja watoto walioko Namtumbo, na shangazi ameshaanza kukumbuka safari za baba za huko. Anahesabu na miezi. Kesho tunaanua matanga, watu ni walewale. Isiposomwa iliyo sahihi kesho, mama yangu atazeeka na huyo mwanamke."

Nikarudisha waya. Vile vikatuni vikarudi vinanichekea, nikavifunga. Safari hii nilifungua karatasi tupu. Nikachapa kila neno, nikasevu kwa kuitafuta menyu, nikaprinti, nikamsomea kwa sauti, mtoto naye akichangia kilio chake.

"Hapo kwenye mjane," akanisimamisha, "ongeza 'wa pekee'."

Nikaongeza.

Aliniletea habari baada ya matanga. Baba mdogo alisoma, mjane akaomba irudiwe, ikarudiwa. Watu wakaitikia. Halafu wakati wa kula shangazi akasema, bila kushusha sauti, kwamba hii ya pili imetungwa na mtu, lakini ile ya kwanza ilitoka kwenye kompyuta, na kompyuta haikosei.

Nilikaa na neno hilo siku nzima. Mwanamke ameishi na mumewe mpaka kumzika, na anayeaminiwa ni mashine iliyokatisha kazi yangu katikati. Kesho yake nikafungua kisanduku cha maoni chenye vile vikatuni, nikachagua kilichonuna, nikaandika kwa Kiswahili. Mfasiri wakamtafute wao.

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU APDETI

Mimi ni mama mwenye duka la steshenari, Songea. Mmeuliza kama naupenda mwonekano mpya. Siupendi. Mlihamisha kitufe cha kusevu bila kuniambia, mkaingia kwenye kazi yangu gari la msiba likiwa nje, halafu mkasema mmeiokoa na hamkuiokoa. Kwa sababu hiyo mjane wa watu amepewa mke mwenza kwenye kaburi la mumewe. Naomba kitufe cha 'hapana', kikae mahali pa wazi na kisihamishwe. Pia naomba barua yenye muhuri wenu, kwa Kiswahili, iseme kwamba kompyuta hukosea. Nitaipeleka Mpitimbi mwenyewe ikasomwe mbele ya watu. Shangazi wa pale amekataa kumwamini mtu mwingine yeyote."