Pikapu ya Baba Iliyoitwa Mwali

Enzi zetu, wenzangu, gari ulilisikia kabla hujaliona. Umekaa barazani unachambua mchele, mara unasikia mngurumo unakuja kutoka upande wa Bungu, na watoto wote wa Kibiti washaacha mdako, washaacha rede, wanakimbilia barabarani kuvuta harufu ya petroli. Ndiyo, tulikuwa tunainusa, na macho tunafumba kabisa! Mjukuu wangu akisikia hivyo anacheka mpaka anashika mbavu, ananiambia, "Bibi, nyinyi mlikuwa na matatizo." Haya, tulikuwa nayo. Lakini yeye gari likipita hata kichwa hainui, macho yako kwenye simu, na siku moja litamkanyaga huku anamwandikia mtu "mambo vipi".

Miye sikuhitaji kukimbia barabarani, maana gari lilikuwa nyumbani. Pikapu ya Baba ndiyo ilikuwa gari pekee mtaani petu ambalo mwenyewe hakuwa Mzungu wala Mhindi. Baba, Saidi jina lake, udereva alijifunza keya, jeshi la Mwingereza, vitani huko Burma. Aliporudi akalima pamba na mpunga bondeni misimu mingi, mpaka akainunua kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa anahama. Ilikuwa kuukuu tayari. Rangi yake ya kijani ilikuwa inabambuka, mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba ya katani, na kuiwasha mpaka uzungushe hendeli kwa mbele. Hendeli ile ikirudi kinyume inavunja mkono, kwa hiyo Baba alikuwa hasemi na mtu mpaka injini ishike.

Lakini alivyoipenda, loo! Aliijengea banda la makuti, akaishonea turubai. Kila Ijumaa asubuhi aliiosha kwa maji ya kisima ambayo sisi watoto ndio tuliyachota, ndoo kichwani, shingo inauma. Mama alikuwa anasimama mlangoni anasema, "Miye mke wa ndoa sijaogeshwa hivyo hata siku moja." Watu wa Kibiti nao kwa ulimi wao wakaiita Mwali, kwa kuwa imefungiwa ndani kama msichana aliyevunja ungo, watu hawamwoni ila kwa sababu. Jina likashika, hata Baba mwenyewe akawa anasema, "Mwali leo kaamka vibaya, anakohoa."

Baba alikuwa na maoni juu ya kila kitu kinachohusu gari. Waendesha baiskeli aliwaona watu wasio na wazazi. Barabara ya masika, alisema, haina dereva, ina mwomba dua. Na sheria zake tulizijua kuliko hesabu za shuleni. Kuku apande akiwa ndani ya tenga. Mla tambuu ameze au ashuke. Kiti cha mbele ni cha mama mjamzito, na siku hiyo kama yuko mama mjamzito, hata Bwana Shauri wa Utete, Mzungu mkuu wa wilaya, atakaa nyuma. Alisimulia kwamba kweli siku moja gari la Bwana Shauri lilizama kwenye tope, akampakia nyuma pamoja na magunia ya mpunga, kofia yake mkononi. Miye sikuona, lakini Baba aliisimulia mpaka anaingia kaburini na haikupungua hata neno.

Samaki ndiyo kabisa. Watu wa Salale na Mbwera walikuwa wakija na matenga ya uduvi na samaki wakavu, wanamsihi awafikishe sokoni. Baba anavuta pumzi, anawaambia, "Vumba halina toba, ndugu zangu. Likiingia kwenye mbao halitoki." Wanatia matenga begani wanaondoka, wanamsema mpaka wanapotea machoni.

Na sheria ya mwisho, aliyoitangaza msikitini mbele za watu, ni kwamba maiti hapandi. Hakuwa na roho mbaya, namtetea mzazi wangu. Aliamini kwamba gari likishapakia maiti, walio hai wataliogopa, na mama mwenye uchungu atakubali kuzalia njiani kuliko kulipanda. Bibi, mama yake Baba, alikuwa hakubaliani naye. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akiniita "mke mwenzangu", ananimegea perege wa kuchoma kutoka sahani yake. Jioni akimwona Baba anafuta vioo humwambia, "Saidi, hilo gari lina roho gani hata liogope maiti? Asiyezika hazikwi, mwanangu." Baba anaitikia "Naam, mama," na kitambaa kinaendelea.

Sasa, jirani yetu alikuwa Bi Zaina, mpika vitumbua, mwanamke wa sauti. Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu. Kwa vijana wasiojua: mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu, akachukua kuku wako akamchinja, na ukikasirika weye ndiye mkosa. Na siku ya msiba wako mtani ndiye wa kwanza kufika, anashika kazi, anawachekesha waliao. Bi Zaina alikuwa anaingia uani kwetu anachuma mapapai bila hodi, anamwambia Baba, "Saidi, sura yako na hilo gari, bora gari." Baba naye akipita kwake anachota vitumbua vitatu, anamjibu, "Vigumu hivi utawauzia mafundi wajengee." Ndiyo ilikuwa raha ya mtaa wetu.

Kiangazi kimoja kaka yake Bi Zaina, Athumani, mkata boriti kule kwenye mikoko ya Salale, aliletwa kwa dada yake na homa. Siku ya tatu akafariki. Makaburi ya wazee wa koo zetu zote mbili yalikuwa mashambani, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa mguu. Asubuhi Bi Zaina akaja kwetu, kanga kichwani, macho mekundu.

"Mtani, leo sina utani. Kaka yangu kafa. Nipe gari."

Baba akainama. "Mtani, sanda nanunua miye. Kaburi nachimba miye. Gari, hapana. Unaijua sheria yangu."

Bi Zaina akageuka, akaenda zake.

Athumani alikwenda begani kwa watu, jua la kiangazi likiwaka, mchanga unachoma nyayo. Baba mwenyewe alikuwemo, alilishika jeneza kwa zamu zaidi ya wengine, akarudi bega limechubuka. Na Mwali alikuwa bandani, kivulini, amefunikwa turubai.

Tulidhani Bi Zaina atakuja kutukana. Nilimwona Baba anaandaa majibu. Hakuja. Walipokutana njiani alisema kwa adabu, "Hujambo, Bwana Saidi?" akapita. Bwana Saidi! Wallahi bora angemchapa bakora. Tangu siku hiyo mapapai yetu yaliiva yakaoza mtini, kuku wetu wakazeeka kwa amani, na Baba akawa anapita mbele ya karai la vitumbua mikono nyuma, hathubutu kugusa kimoja. Mtu hajui utamu wa kutukanwa mpaka uondoke. Chuoni, kwenye Kurani, wenzangu walinikimbia mkekani. "Usikae karibu nami, miye maiti, gari la baba yako halinipakii." Nililia sana, sioni aibu kusema. Mama akamwambia Baba waziwazi, "Siku ya msiba wetu nani atakuja? Watani umewafukuza." Baba akaanza kukonda.

Mwaka uliofuata, kabla ya masika, Bibi aliugua wiki kadhaa, akafariki asubuhi moja, amejiegemeza kwangu, uji wake hata nusu hajafika. Alikuwa ameshasema alazwe karibu na mumewe, kule kule mashambani. Ndipo nilipomwona Baba anakwenda bandani. Akaivua Mwali turubai, akazungusha hendeli, akairudisha nyuma polepole mpaka mlangoni kwetu. Watu wakaja, lakini walikaa kama wageni, kila mmoja na tasbihi yake, hakuna wa kushika kazi. Maiti akaoshwa, akavishwa sanda, akatiwa jenezani. Wanaume wakasimama, na ndipo Bi Zaina akatokea.

Hakumsalimia mtu. Kwapani ana kitu kirefu kimefungwa kwa kanga. Akaenda moja kwa moja kwenye pikapu, akapanda nyuma, akalala chali, akajifunika gubigubi kichwa mpaka miguu.

Sauti ikatoka chini ya kanga, "Miye maiti. Nipelekeni mashambani, jua kali."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Wakacheka wawili, watatu, hata Mama aliyekuwa analia akaziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Gari hili halipakii maiti," Bi Zaina akaendelea. "Mwenyewe kasema msikitini. Au maiti wenu nyinyi wananukia asumini? Sishuki! Nani atanishusha?"

Kicheko kikakatika. Watu wote walimtazama Baba. Mtani akishazuia njia ya msiba, humtoi kwa nguvu, wala humwachi ukapita pembeni. Humo ndani jeneza la mama yake linangoja. Baba alishika ubao wa nyuma wa pikapu.

"Mtani," akasema, "nilikosa. Kaka yako alikwenda juani, gari langu likiwa kivulini. Mbele ya watu hawa nasema nilikosa. Shuka, nakuomba, nimzike mama yangu."

Baba yangu, askari wa Burma, alilia mbele za watu, makamasi yanamtoka, na hakuyafuta.

Bi Zaina akajifunua. Alikuwa analia pia, nadhani alikuwa analia muda wote huo chini ya kanga. Akafungua kile kirefu alichokuja nacho. Ulikuwa mkeka mpya wa ukindu, wa rangi, umesukwa vizuri sana. Akaupangusia nafasi kwa kanga yake, akautandika juu ya mbao za nyuma za pikapu ile, akaunyoosha pembe zote nne. Mkeka hausukwi kwa siku moja, wenzangu. Ina maana alianza kuusuka Bibi alipoanza kuugua, huku akimwambia Baba "Hujambo, Bwana Saidi".

"Mleteni mama," akasema. Kisha akashuka, akampiga Baba kofi la mgongo. "Haya, mtani mwenye sura mbaya. Mwali katoka leo!"

Bibi alikwenda kwa gari, na wajomba wa Bi Zaina wakiwa wameshika jeneza pande zote mbili lisitikisike. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, na Bi Zaina ndiye aliyeshika jiko. Chumvi ilizidi, na alituambia hivyo ndivyo alivyokusudia.

Kesho yake Baba alikaa barazani anaitazama Mwali kwa huzuni. Nilijua anachowaza: sasa nani atapanda? Mara Bi Zaina huyo, na kapu kichwani. Akapanda nyuma, akakaa pale pale palipolala jeneza. "Nipeleke sokoni." Baba akainuka kwa furaha, akaenda mpaka karibu, akasimama. "Zaina, ndani ya kapu mna nini?"

"Uduvi. Mbichi."

Baba akamtazama, akautazama ubao wa nyuma, akaenda kuzungusha hendeli. Alipofika sokoni walikuwa wamepanda watu saba, na mmoja wao alikuwa mjamzito. Tangu siku hiyo Mwali alipakia harusi na maiti, wagonjwa na matenga ya samaki, na kweli vumba halikutoka mpaka mwisho.

Baba alifariki miaka mingi baada ya Uhuru. Mwali alikuwa ameshakufa kabla yake, amewekwa juu ya mawe bandani, kuku wanatagia kwenye kiti cha mama wajawazito. Siku ya msiba Bi Zaina alikuja anakongoja kwa fimbo, kwapani ana kitu kimefungwa kwa kanga, akataka anyanyuliwe apandishwe nyuma ya lile gari bovu. Tukampandisha. Akalala, akajifunika kanga. "Sishuki," akasema. "Leo nani atanishusha?"

Hakuna aliyejibu, maana wa kujibu alikuwa jenezani. Nikaona ni juu yangu. Nikasogea, nikasema, "Mtani, shuka, tunakuomba."

"Sijaombwa na weye," akanijibu chini ya kanga. "Niliyezoea kuombwa naye kalala humo ndani." Tukalia wote, uwanja mzima. Alipokubali kushuka tukaona alikuwa amelalia mkeka mpya.

Huyu mjukuu wangu anayenicheka naye ana pikapu. Ina milango minne, vioo vyeusi, inawashwa kwa kubonyeza kidude. Simsingizii, ni mtoto mwema. Juzi jirani alipofiwa alipakia maiti bila kusitasita, ila hela ya mafuta ilitangulia kwenye simu, na alirudi kabla dua haijaisha. Nikamuuliza, "Mwanangu, mtani wako ni nani?" Akafikiri, akasema, "Bibi, utani si ule wa timu za mpira?"

Nikacheka, nifanyeje. Bi Zaina naye keshatangulia. Siku yangu ikifika gari halitakosekana, tena la kipupwe, na barabara siku hizi ni ya lami. Nitafika haraka. Ninachojiuliza ni nani atakayepanda nyuma, ajifunike kanga, akatae kushuka.