Jicho la Kushoto na Mkataba Uliovunjika

Notisi ilikuwa imebandikwa kwenye kioo cha mapokezi, chini kabisa, karibu na kitundu cha kupitishia makaratasi. Niliinama nikaisoma. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, hospitali haitapokea tena kadi za kampuni fulani ya bima. Ilikuwa ndiyo kampuni yetu, na mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia walikuwa wamelipasua miezi mitatu nyuma, na la kushoto lilikuwa likingoja zamu. Siku ile tulikwenda kuuliza tarehe tu.

"Yasemaje?" mama akaniuliza.

"Yasema wamegombana. Hospitali na bima."

"Na sisi yatuhusu nini?"

Wiki ile nzima sikusikia swali bora kuliko hilo, wala sikumpata mtu wa kulijibu. Baba alikuwa karani wa ghala Mbaraki, na mwajiri wake ndiye aliyewakatia bima wafanyakazi na familia zao. Kulipia upasuaji kwa mshahara wake hakukuwa jambo la kuzungumzwa. Mama naye alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile za vitobo vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Kwa jicho moja alikuwa akikosea umbali wa sindano. Vidole vyake vya kushoto vilijaa alama za kuchomwa, na kofia moja ilikuwa imelala kwenye kikapu tangu kabla ya mfungo.

Bibi wa mapokezi alinieleza kuwa bima ndiyo iliyokataa viwango vipya. Nilipopiga simu kwenye bima, nikaambiwa ni hospitali iliyopandisha viwango bila kuuliza mtu. Walikuwa kama mke na mume walioachana, kila mmoja akiwaeleza majirani upande wake, na watoto wamekaa kizingitini na mabegi yao.

"Kuna hospitali nyingine kwenye orodha yetu," sauti ya kwenye simu ilinifariji. "Iko Makupa."

Kesho yake nikaenda Makupa. Nimezoea kwenda kuona kwa macho yangu. Khalati yangu, dada yake mama, husema shahada niliyorudi nayo kutoka chuo kikuu ni ya maswali matupu. Hospitali yenyewe ilikuwa zahanati ya ghorofa moja, safi, imejaa wanawake wajawazito.

"Daktari wa macho yupo siku gani?" nilimwuliza muuguzi mlangoni.

"Wa macho?" Akacheka. "Dada, hapa tunazalisha. Na Alhamisi tunang'oa meno."

Ndipo nikaamua kwamba sitasikiliza tena maelezo ya mtu yeyote, nitasoma karatasi. Alhamisi asubuhi nilikuwa ofisi ya bima, mbele ya afisa kijana aliyevaa tai fupi. Nilimwomba anionyeshe barua waliyoandikiana na hospitali. Akasema si desturi. Nikamwuliza desturi hiyo imeandikwa wapi. Akanitazama, akavuta faili, akaligeuza upande wangu.

Kulikuwa na kifungu, tena cha maana. Mgonjwa aliyeanza matibabu kabla ya mkataba kuvunjika angemaliziwa pale pale, mradi daktari aandike hivyo na bima igonge muhuri kabla ya mwisho wa mwezi.

"Basi mama yangu ni huyo," nikasema. "Jicho moja tayari, la pili bado."

Alitafuta nakala ya ripoti ya mama, akaisoma kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Hapa pameandikwa mgonjwa hana malalamiko. Macho yote mazuri. Matibabu yamekamilika."

"Haiwezekani."

"Soma mwenyewe. Wewe si wapenda kusoma?"

Ripoti ilikuwa na tarehe ya siku mama alipotolewa nyuzi za jicho la kulia. Daktari mpasuaji alikuwa safarini, na daktari kijana kutoka bara ndiye aliyeshika nafasi yake. Huyo ndiye aliyetuambia, kwa mdomo, turudi baada ya miezi miwili. Baba hakuomba cheti. Kwetu, mtu akikupa neno lake halafu umdai karatasi, umemtukana.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama na khalati wakichagua mchele.

"Mama, siku ile ya nyuzi, daktari alikuuliza nini?"

"Aliniuliza macho vipi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia alhamdulillahi, mazima."

"Mazima? Na la kushoto huoni hata mlango?"

"Sasa nimwambieje? Kijana wa watu kanisalimu, nami nikamwitikia. Ningeanza kumtolea maradhi yangu kabla hata hajaketi?"

"Hakuwa akikusalimu, mama. Alikuwa akikupima!"

"Mtoto huyu," khalati akaingilia, bila kuinua macho kwenye ungo. "Wataka mamako akufuru? Mungu kampa jicho moja, alalamike mbele za watu?"

"Khalati, Mungu ajua kama haoni. Daktari ndiye asiyejua."

Khalati alinirushia pumba, lakini alicheka. Mama hakucheka. Aliendelea kupapasa mchele, na niliona akiacha vijiwe upande wa kushoto wa ungo na kutupa punje nzima.

Baba aliporudi alisikiliza, kisha akasema tusiende kumuaibisha daktari kwa kumwambia ameandika uongo. Nilimjibu kuwa hakuandika uongo, aliandika alichoambiwa. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilikuwa na hasira, na kusema kweli, nyingi ilikuwa juu ya adabu zetu wenyewe. Nilikua nikiona watu wakijibu "njema" wakiwa na homa. Sikuwa nimewahi kuona mtu akilipia jibu hilo kwa jicho.

Ijumaa saa mbili tulikuwa hospitalini. Mapokezi wamekaa wazee kadhaa wenye kadi kama yetu, wakiuliza swali lile lile la mama. Bahati, daktari aliyekuwa zamu ni yule yule kijana. Alisimama kumpokea mama, akamvutia kiti, akawa na heshima tele. Nikajua tumekwisha.

"Shikamoo, mama. Macho yanaendeleaje?"

Mama akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Marahaba," akasema, akauvuta mguu wake. Kisha: "Yanaendelea, mwanangu."

Daktari akamfunika jicho la kulia kwa kadi, lakini si vizuri. Akainua vidole.

"Vingapi?"

"Vitatu."

Vilikuwa vitatu. Daktari akanigeukia kama anayeniuliza nimemletea nini. Nilikuwa nimeona mama akiinamisha kichwa kidogo, akichungulia kwa jicho zima pembeni ya kadi. Hakutaka kumwangusha kijana wa watu. Nikainuka, nikaliziba lile jicho kwa kiganja changu, nikakibana.

"Tena, daktari."

Aliinua viwili. Nilihisi kope za mama zikipepesa chini ya mkono wangu.

"Mama?" nikamwita.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia daktari, si mimi. "Sioni kitu. Naona weupe mtupu, kama nimetumbukiza uso kwenye tui. Huu mwaka wa pili. Sindano siioni, mlango siuoni, wajukuu wakija upande huu wanishtua." Akavuta pumzi. "Na naogopa."

Hilo la mwisho sikuwa nikilijua. Nilikuwa nimepigania karatasi siku nne bila kumwuliza.

Daktari hakujitetea. Aliketi akaandika, pole pole, mistari mingi, akaweka sahihi. Nilimwomba aongeze kwamba jicho hili lilikuwa sehemu ya matibabu yaliyoanza zamani. Akaongeza.

Mama nilimpeleka nyumbani, mimi nikashika njia ya ofisi ya bima. Nilimkuta afisa akishusha mikono ya shati na kufunga droo.

"Dada, yakaribia adhana. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu utaniambia nini?"

"Sijui. Labda mkuu atakuwa ametoa maagizo mengine."

"Basi nenda kasali. Nitakungoja."

"Ofisi inafungwa."

"Nitakungoja ngazini."

Niliketi kwenye ngazi, barua mapajani, buibui likinichoma kwa joto. Mtaa ulimwagika wanaume wenye kanzu, kisha ukawa kimya, kisha ukajaa tena. Afisa alirudi, akanikuta, akatikisa kichwa. Alifungua ofisi bila neno, akaisoma barua mara mbili akitafuta pa kuikatalia. Akagonga muhuri.

"Usiende kuwaambia watu wengine kuhusu hiki kifungu," alisema akinipa nakala. "Watajaa hapa."

"Kuna wazee wamekaa mapokezi hospitalini na kadi zenu," nikamwambia. "Kule hufungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Kwa nini?"

Ilikuwa saa nane na nusu. Niliikunja nakala, nikaitia kifuani, nikashuka ngazi kurudi hospitalini.